Nilivyosalimiwa Kichwani Mbele ya Inspekta wa Moto

Leo sina uso, wasee. Nimejificha hapa saiba karibu na stage ya Kitengela, kwenye kompyuta ya mwisho kabisa, na kila mlango ukifunguliwa nainama. (Kuinama huku ndiko kumeniletea balaa. Ngojeni, tutafika.)

Nawaandikia nyinyi tuliolala dom moja shuleni kwa sababu mmenijua tangu enzi za kaptula, hakuna heshima mliyobakisha. Lakini msiforwadi. Nasema tena, msiforwadi!

Mnakumbuka niliwaambia Mama Brenda ameacha kushona nguo kule kiwandani EPZ? Aliacha ili afungue hoteli yake. Msifikirie ghorofa. Ni chumba kimoja cha mbele, hapa kwenye ploti tunayopanga, chenye dirisha la kuuzia chai na meza chache. Amekipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Amenikosesha usingizi akinieleza mahali jagi la maji ya kunawa litakaa. Kilichokuwa kimebaki ni kitu kimoja tu, cheti cha moto. Bila cheti hupewi leseni, na ukiwasha jiko bila leseni unafungiwa. Na kwa kuwa hoteli iko ndani ya ploti, inspekta wa moto hukagua ploti nzima, kuanzia geti mpaka choo. Siku yake ilikuwa leo asubuhi.

Na msimamizi wa moto wa ploti ni nani? Ni mimi, Wekesa.

Cheo hiki sikukitafuta. Landlord wetu, Mzee Parsimei, aliambiwa atume mtu kwenye semina ya moto kule Kajiado. Siku hiyo yeye alikuwa na ng'ombe wa kupeleka soko, akanituma mimi. Nilikaa kwenye holi mchana kutwa, nikala wali kwa nyama, nikarudi na koti la reflekta la rangi ya machungwa na kiburi kingi. Tangu hapo ploti haikupumzika. Nilining'iniza rimu ya lori kwenye nguzo ya kamba za nguo iwe kengele ya hatari. Nilipaka ndoo za mchanga rangi nyekundu. (Paka wa Mama Mwende, jirani yetu wa nambari sita, aliamua kwamba zile ndoo ni choo chake, na hajabadilisha mawazo.) Jumapili baada ya kanisa niliwapanga watu wote uani nikawafundisha lile somo kuu la semina: moshi hupanda juu, hewa safi hubaki chini.

"Mkiona moshi mnafanya nini?"

"Tunainama!" watoto wakajibu.

"Halafu?"

"Tunatambaa!"

"Tunapiga nduru?"

"Hapana!"

Ishikeni hiyo "hapana".

Kuinama hawakuhitaji kufundishwa. Mzee Parsimei ni Mmaasai, na kwao mtoto akikutana na mzee hampi mkono. Anainamisha kichwa, mzee anaweka kiganja juu yake na kusema "Supa", mtoto anajibu "Ipa". Watoto wa ploti wote wameshika, hata Brenda wangu, Mluhya wa damu. Akimwona mzee tu, kichwa chini. Napenda sana kuwaona wakifanya hivyo. Nilikuwa napenda.

Sasa kuna kitu sikukigusa katika mafunzo yangu yote, nacho ni nyumba nambari saba. Iko mwisho wa ploti, na mgongo wake umegusana na boma la Mzee Parsimei. Alikuwa akikaa hapo jamaa mmoja mpole anaitwa Mutinda, mtu wa kukusalimia kwa kutikisa kichwa na kupita. Mwaka jana alitoka asubuhi moja na mkoba, hakurudi. Mzee akatia kufuli kubwa mlangoni. Stima ikakatwa. Pazia la maua la Mutinda bado liko dirishani, na kioo kimoja kilichovunjika kimezibwa na katoni. Hakuna aliyetaka kuhamia. Watoto hawachezei mpira upande huo, na hata yule paka, ambaye hana adabu popote, hapo hapiti.

Na tangu wiki iliyopita, kila asubuhi, kumekuwa na harufu huko.

Si ya makaa. Si ya mafuta taa wala takataka. Ni moshi mtamu, mzito, unaokuingia puani ukikaribia nambari saba, na ukisimama kuunusa vizuri unapotea. Mnajua Kitengela ya mwezi wa saba ilivyo. Ukungu unatoka huko mbugani na kulala juu ya mabati mpaka jua lipate nguvu. Kuna asubuhi unasikia kwato zikipita nyuma ya ua, nyingi, na huoni mnyama hata mmoja. Kwa hivyo nilijiambia harufu pia ni mambo ya ukungu.

"Baba Brenda," Mama Mwende aliniuliza juzi, "wewe ndio wa moto. Hii moshi ni ya wapi?"

"Hiyo ni ukungu, Mama Mwende."

"Ukungu inanuka?"

"Ya huku inanuka."

(Msimamizi wa moto huyo!)

Tufike leo. Mama Brenda aliamka kabla yangu akakanda unga wa mandazi, beseni zima, akaufunika kwa kitambaa cheupe. "Inspekta akisema sawa tu," akaniambia, "nawasha jiko hapo hapo, yeye ndio anakula andazi ya kwanza." Alikuwa anacheka peke yake akifuta meza ambazo hazina uchafu. Mimi nikavaa reflekta.

Inspekta akafika, mtu mrefu wa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Nikamfungulia geti. Alipoingia nikalifunga tena kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Najua! Semina ilisema wazi kwamba njia ya kutokea haifungwi kwa kufuli watu wakiwa ndani. Lakini jana mbuzi wa barabarani waliingia wakala sabuni ya kufulia na nusu ya kanga ya Mama Mwende. Mkono ulifunga wenyewe.

Hotelini mambo yalienda kama maji.

"Gas mnaweka wapi?"

"Iko nje, bosi, kwa keji yake ya vyuma."

"Mtungi ya kuzima moto?"

Nikauinua kwa mikono miwili kama mtoto anayebatizwa. Akausoma, akaugeuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwona Mama Brenda akishusha pumzi.

"Hapa sawa," inspekta akasema. "Tuone huko nyuma."

Tukaingia kwenye ukungu, mimi mbele na mtungi wangu kwapani, inspekta nyuma yangu, na Mama Mwende na watoto wakifuata kwa sababu ploti ni ploti. Kelele za barabara ya Namanga zilikuwa zimezimika kabisa, tukawa tunasikia viatu vyetu tu kwenye kokoto. Tulipopita nambari sita harufu ikatupokea. Ile ile. Lakini leo haikupotea tuliposimama.

"Nani anapika hapa?" inspekta akauliza.

"Hakuna mtu, bosi. Hiyo ni empty."

"Empty inatoa moshi?"

Nikatazama. Moshi ulikuwa unapita chini ya mlango, mwembamba, taratibu, ukichanganyika na ukungu. Kufuli lilikuwa pale pale, limelowa umande, na utando wa buibui umeunganisha kufuli na fremu. Hakuna aliyefungua mlango ule kwa miezi mingi. Nikawasha tochi ya simu yangu ya mulika mwizi, nikaielekeza dirishani. Mwanga ukaishia kwenye ukungu.

Ndipo nikaona, nyuma ya pazia la Mutinda, kitone chekundu.

Kilipanda. Kikashuka. Kikazimika kabisa. Halafu kutoka mahali kilipozimikia tukasikia kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru, polepole, kama mtu anayekuna ukuta kwa ndani. Kitone kikarudi, mahali pengine. Na juu ya kukwaruza huko kukawa na sauti. Haikuwa ikiimba na haikuwa ikizungumza. Ilikuwa inanong'ona na kitu.

"Yesu wangu," Mama Mwende akasema. "Mutinda amerudi."

"Mutinda ni nani?" inspekta akauliza.

"Ni mwenye alikuwa anakaa hapo."

"Na alienda wapi?"

"Hatujui. Alipotea tu."

Inspekta akarudi nyuma yangu kidogo. (Mtu wa serikali! Kwa suti!)

Niliogopa, sitawadanganya. Lakini nilipogeuka nilimwona Mama Brenda mlangoni pa hoteli yake, mikono ina unga, anatutazama kupitia ukungu. Nikawaza kwamba nyumba hii ikiwaka mbele ya inspekta, hoteli imekufa kabla haijazaliwa. Basi nikachomoa pini ya mtungi, nikasukuma mpira wake kupitia ile katoni, nikabonyeza. Sikubonyeza kidogo kama tulivyofundishwa. Nilibonyeza mpaka mtungi ukaisha.

Kitone kikazimika. Sauti ikakatika.

"Imezima?" inspekta akauliza.

"Imezima," nikasema, nikapiga kifua. Kwa muda wa kupumua mara moja nilikuwa shujaa wa Kajiado nzima.

Halafu poda ikaanza kurudi nje kupitia dirishani, wingu jeupe, likachanganyika na ukungu mpaka nisione mkono wangu mwenyewe. Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kimoja, cha zamani sana. Kisha tukasikia mlango ukifunguliwa, bawaba zikilia. Na mlango tuliokuwa tumesimama mbele yake haukutikisika hata kidogo.

Nani alipiga nduru kwanza? Mimi. Nani alirudia? Ni mimi pia. Watoto, kwa heshima zao zote, waliinama wakatambaa kimya mpaka mahali pa kukusanyika kama nilivyowafundisha. Mama Mwende akaikimbilia ile rimu akaigonga kama siku ya mwisho. Inspekta nikamsikia kwa mbali akitikisa geti.

"Fungua! Nani amefunga hii geti? Fungua!"

Ufunguo ulikuwa kwangu. Nikakumbuka somo, nikashuka chini, nikaanza kutambaa kumfuata, kichwa chini, pua karibu na kokoto. Sikuona kitu. Nilisikia hatua. Zilikuwa zinatoka kwenye kona ya boma, bila haraka, zikija upande wangu. Kengele ikanyamaza. Hatua zikasimama.

Mbele ya pua yangu palikuwa na miguu miwili. Myeupe. Myeupe mpaka kwenye kucha.

Sikuinua kichwa. Nisingeweza hata kwa kulipwa. Nikabaki nimepiga magoti, shingo nimeikunja, nikisubiri. Na mkono ukashuka kutoka kwenye ule weupe, wenye joto, unaonuka ule moshi mtamu, ukatua katikati ya utosi wangu.

"Supa," sauti ikasema.

Ndugu zangu, mtu mzima aliyesoma angejibu "Ipa". Mimi nililia kwa sauti iliyofika mpaka stage:

"Mutinda! Mchukue inspekta! Mimi niko na watoto! Inspekta ndio huyo kwa geti, mchukue yeye!"

Geti likaacha kutikisika.

Halafu Mzee Parsimei akatokea mbio kutoka bomani, ameshika suruali kwa mkono mmoja.

"Yeyo!" akaita. "Mama! Mmefanyia mama yangu nini?"

Nikainua kichwa. Alikuwa bibi mzee, mwembamba, masikio marefu, shanga shingoni, na kila kitu chake kimejaa poda kama amezama kwenye debe la unga. Mkono mmoja bado uko kichwani kwangu. Mwingine umeshika kijiti kilichochomwa ncha. Akapangusa macho kwa shuka, akakohoa kidogo, akanitazama kwa upole. Mungu ni mwema, hakuumia.

Mambo yakaelezwa pale pale. Ni mama mzazi wa Mzee Parsimei, Koko, kama bibi anavyoitwa kwa Kimaa. Alikuja wiki iliyopita kutoka upande wa Kimana. Mke wa mzee ana nyumba mpya yenye dari nyeupe na hataki moshi ndani, kwa hivyo mzee akamfungulia mama yake mlango wa nyuma wa nambari saba, ule unaotokea bomani, atilie moshi vibuyu vyake vya maziwa huko. Unachoma kijiti cha mti fulani mpaka kipate kaa, unakiingiza ndani ya kibuyu, unakikwaruza ndani, unatoa. Maziwa yakitiwa humo hayaharibiki upesi na yananukia. Kitone chekundu kinachopotea na kurudi ndicho hicho. Na kunong'ona kule ni kwamba Koko huviombea vibuyu vyake.

"Na Mutinda je?" Mama Mwende akauliza.

"Mutinda aliandikwa kazi Magadi," mzee akasema. "Krismasi alinipigia simu, analia joto. Nyinyi hamkuniuliza."

Koko akasema kitu kirefu kwa Kimaa. Mzee akasikiliza, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakalia ndoo ya mchanga. (Ya paka. Sikumwambia.)

"Anasema nini?"

"Anasema huku town vijana hawasalimii wazee tena. Lakini huyu alimwona tu, akapiga magoti, akaleta kichwa. Anasema huyu mtoto amelelewa vizuri." Akapangusa machozi. "Anauliza ni mtoto wa nani, na ni nini inamliza."

Mtoto! Mimi, mwenye ndevu na kitambi, baba wa watoto wawili! Wale watoto wote wakiwa wamejipanga mahali pa kukusanyika, wananiangalia!

Lakini hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa nimemsahau inspekta. Ukungu ulipopasuka tukamwona juu ya geti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, suruali ya kijivu imenaswa na chuma cha juu. Nikampelekea ufunguo. Akashuka. Akajipangusa. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Geti iko na kufuli," akasema. "Mtungi imeisha. Msimamizi ndiye wa kwanza kupiga nduru. Na kwa kazi hii yangu yote, sijawahi peanwa kwa shetani."

"Bosi, mimi nilikuwa..."

"Nilisikia. Ulinipeana mara mbili."

Nikageuka nikamwona Mama Brenda. Alikuwa amesimama kando ya beseni lake, na unga ulikuwa umeumuka mpaka umeinua kile kitambaa cheupe na kuanza kumwagika pembeni, na jiko baridi. Hapo aibu iliisha, ikabaki kuuma. Nilitamani kweli Mutinda anichukue.

Ni Koko aliyemwendea. Alimtazama, akatazama unga, akamuuliza mwanawe jambo, akajibiwa. Akaenda zake bomani, akarudi na vikombe na kibuyu kimoja kilichokuwa kimejazwa maziwa jana, akavikabidhi kwa Mama Brenda. Maziwa hayahitaji jiko. Mama Brenda akapanguza meza mara moja zaidi, akamkaribisha inspekta, akammiminia. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa ile hoteli, na suruali imepasuka.

Akanusa kikombe. "Hii ndio ile harufu?"

"Ndio hiyo," mzee akasema.

Akanywa. Akanyoosha kikombe aongezwe.

"Nitarudi Ijumaa," akasema mwishowe. "Mtungi ijazwe. Hiyo kufuli sitaki kuiona. Hiyo nyumba ifunguliwe madirisha, mama asife na moshi. Na mtafute msimamizi mwingine. Mtu mwenye hakimbii."

Akauliza nani hapa hakukimbia. Sisi wote tukatazama kokoto. Mzee akamuuliza Koko, naye akajibu kwamba alisikia kelele, akamwagia makaa yake mchanga, akafunga mlango, akatoka kuona kama kuna mtu anahitaji kusaidiwa. Akanikuta mimi.

Kwa hivyo sasa reflekta iko kwa Koko. Aliipenda rangi. Ameivaa juu ya shuka na hataki kuivua. Kesho asubuhi nimeagizwa nambari saba kuosha poda kwenye vibuyu vyote, yeye akinisimamia. Ule unga Mama Brenda aliubeba na beseni lake ng'ambo ya barabara, kwa rafiki yake mwenye leseni. Mandazi ya kwanza ya hoteli yetu yamepikwa kwenye jiko la mtu mwingine, na ni mimi niliyesababisha.

Tangu asubuhi Mama Brenda alikuwa hajaniongelesha. Nilipokuwa natoka kuja hapa saiba, nilikuta watoto wamejipanga kwenye geti, ambalo sasa liko wazi kabisa. Brenda mbele. Nikadhani wananiaga. "Inama, Baba," akasema. Nikainama. Akaweka kiganja, "Supa!" Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Na wa mwisho alikuwa Mama Brenda, ametoka na andazi mkononi, moto bado. Nikanyoosha mkono nilipokee. Akatia andazi lote mdomoni mwake, akaniwekea kiganja chenye unga kichwani, akakaza uso asicheke, akashindwa.

"Supa," akasema.

"Ipa," nikajibu. Ningefanya nini?

Ijumaa inspekta anarudi, mniombee. Na mkinipata Kitengela, tafadhali nisalimieni kwa mkono. Kichwa kimetosheka.